Nusu omu inayoweza kuunguza nyumba

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tunajiandaa kwenda harusini, na nyumba nzima ilikuwa mbiombio. Birika la umeme linachemsha maji ya chai, pasi iko mezani juu ya kitenge, na vyote viwili vimechomekwa kwenye ekstensheni moja nyeupe iliyotoka kwenye soketi ya sebuleni. Mpwa wangu, binti wa kidato cha pili anayeishi nasi, ndiye aliyeinua kichwa kwanza.

"Shangazi, husikii harufu ya plastiki?"

Nilikwenda kuangalia soketi. Uso wake mweupe ulikuwa umegeuka kahawia kama ukoko wa wali. Nilizima swichi, nikachomoa plagi, na papo hapo nikaiachia ianguke sakafuni. Ilikuwa ya moto kiasi kwamba vidole viliniuma hadi jioni.

Hakuna kilichowaka. Tulikwenda harusini na nguo zenye mikunjo, tukala pilau, tukarudi. Lakini usiku ule sikupata usingizi mapema. Nilikuwa nawaza: kama sote tungekuwa tumeshatoka, mlango umefungwa na pasi imesahaulika?

Swali la fundi

Fundi umeme wa mtaani kwetu ni mzee mwenye mvi na maneno machache. Alikuja Jumapili mchana. Nikamwamkia, akaitikia, akazima meni swichi kabla ya kugusa chochote. Kisha akafungua skrubu mbili za soketi na kuivuta taratibu kutoka ukutani.

Alinionyesha kwa ncha ya bisibisi. Ndani ya soketi mna vibano vidogo vya shaba ambavyo kazi yake ni kuibana miguu ya plagi. Kimoja kilikuwa kimelegea na kuwa cheusi, na plastiki iliyokizunguka imevimba kama andazi.

"Mama, mlikuwa mmechomeka nini hapa?"

"Birika na pasi, fundi."

"Vya wati ngapi?"

Sikujua. Nimelitumia birika lile miaka minne na sikuwahi kuligeuza nisome kilichoandikwa chini. Mpwa wangu naye hakujua, na yeye kwenye jaribio la fizikia muhula uliopita alipata alama zote za swali la sheria ya Ohm. Kanuni anaijua kwa moyo, kwa Kiingereza, kama tulivyoikariri sisi. Hajawahi kuambiwa kwamba kanuni ile inaishi nyuma ya soketi ya sebuleni kwao.

Hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Hesabu tunayoizungumzia ni ya kugawanya na kuzidisha tu. Mtoto wa darasa la sita anaiweza. Na bado nyumba nyingi zenye wasomi ndani yake hazijawahi kuifanya hata mara moja.

Mkondo na kinachoukinza

Kiswahili kimetupa maneno mazuri kwa jambo hili. Mkondo tunaujua tangu baharini: ni maji yaliyo safarini, na mvuvi huyapigia hesabu kabla ya kutweka tanga. Mkondo wa umeme nao ni mwendo, wa chembe ndogo sana ziitwazo elektroni ndani ya waya, na tunaupima kwa ampea. Kinachousukuma ni volteji, inayopimwa kwa volti. Na kukinza ni kusimama mbele ya jambo usiliache lipite kirahisi. Ndiyo maana ule ugumu ambao waya au koili huuwekea mkondo tunauita ukinzani, na kipimo chake ni omu.

Vitu hivi vitatu havitengani. Ukijua viwili, cha tatu umekipata. Gawanya volti kwa ampea, utapata omu. Gawanya volti kwa omu, utapata ampea. Zidisha ampea kwa omu, utarudi kwenye volti.

Fundi aliliweka birika mezani likiwa tupu na halijachomekwa popote, maana ukinzani haupimwi kamwe kwenye kifaa chenye umeme. Akabonyeza swichi ya birika, kisha akagusisha ncha mbili za mita yake kwenye miguu miwili mifupi ya plagi. Ule mrefu wa ethi akauacha. Mita ikasoma 26.5.

"Binti," akamwambia mpwa wangu, "umeme wa nyumbani ni volti ngapi?"

"230, babu."

"Haya, piga hesabu."

Akachukua daftari. 230 gawanya kwa 26.5 ni 8.7 kwa kukadiria. Basi birika likichomekwa linavuta ampea 8.7. Kuzipata wati, yaani nguvu au kasi ya kifaa kula umeme, unazidisha volti kwa ampea. 230 mara 8.7 inakaribia 2,000. Fundi akaligeuza birika juu chini. Kwenye karatasi ndogo ya rangi ya fedha iliyoanza kubanduka iliandikwa 2000W.

Nilimwona mpwa wangu akiitazama karatasi ile, kisha daftari lake, kisha karatasi tena. Mita ya fundi haikuwa imesoma maandishi. Ilikuwa imepima koili iliyojificha ndani ya chuma, na hesabu ikafika palepale kiwanda kilipofika.

Mtoto wa fundi wa vitasa

Aliyetuachia hesabu hii ni Georg Simon Ohm, aliyezaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa vitasa na funguo, mtu aliyejisomea mwenyewe hesabu na kuwafundisha wanawe nyumbani. Ohm alirithi kutoka kwake mikono ya ufundi, na mikono hiyo ndiyo iliyomfikisha mbali.

Alipokuwa akifundisha katika shule ya sekondari mjini Köln, alianza kupima jinsi urefu wa waya unavyobadili mkondo. Betri za wakati ule zilimsumbua, kwa kuwa nguvu yake ilipanda na kushuka kipimo kikiwa bado kinaendelea. Vipimo vyake vya kwanza, vya mwaka 1825, vikampa kanuni isiyo sahihi. Mwaka uliofuata akaacha betri na kutumia maungio ya metali mbili, shaba na bismathi, ambayo huzalisha umeme upande mmoja ukiwa na joto na mwingine baridi. Upande mmoja akauweka penye maji yanayochemka, wa pili penye barafu inayoyeyuka. Hapo msukumo ukatulia. Akaunganisha nyaya nane za shaba moja baada ya nyingine, fupi kabisa inchi 2, ndefu kabisa inchi 130, na kila mara akasoma jinsi sindano ya sumaku iliyoning'inia juu ya mkondo ilivyogeuka.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1827. Wakubwa wa elimu nchini kwake hawakukipokea vizuri, na miaka mingi Ohm alihangaika bila nafasi aliyoitaka ya chuo kikuu. Royal Society ya London ndiyo iliyompa heshima kubwa, kwa Medali ya Copley mwaka 1841. Kiti cha uprofesa wa fizikia huko Munich alikipata mwaka 1852, miaka miwili tu kabla ya kufariki. Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Paris ukaamua kipimo cha ukinzani kiitwe kwa jina lake. Leo kila fundi wa mtaani anayetamka neno omu anamtaja mtoto yule wa fundi wa vitasa.

Fyuzi ilikuwa wapi?

Turudi kwenye soketi. Pasi yetu ni ya wati 1,000. Ukigawanya kwa volti 230 unapata ampea 4.3. Jumlisha na zile 8.7 za birika, unapata ampea 13. Fundi akaipindua ekstensheni. Kwa maandishi yaliyochongwa kwenye plastiki, madogo kiasi cha kuhitaji miwani, ilisomeka 10A 250V.

Kumi. Sisi tuliipitishia kumi na tatu, na tumekuwa tukiipitishia kila Jumapili kabla ya kwenda ibadani.

Nikauliza swali ambalo nadhani hata wewe msomaji unalo. Plagi ile ina fyuzi ndani yake. Ukutani kuna breka. Mbona hakuna kilichokata?

Fundi alijibu kwamba fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, na breka ya soketi zetu ni ya ampea 20. Kwao hakukuwa na tatizo lolote. Fyuzi na breka hulinda dhidi ya mkondo uliozidi. Tatizo letu kubwa lilikuwa kibano kilicholegea, na kibano kilicholegea hakiongezi mkondo. Kinaupunguza kidogo, kwa kuwa ni ukinzani mpya uliojiingiza njiani.

Hapa ndipo inapohitajika hesabu ya pili. Mwaka 1841 James Prescott Joule, kijana wa familia ya watengenezaji bia karibu na Manchester, alionyesha kwamba joto linalozalishwa na mkondo ndani ya waya linafuata ukinzani mara mraba wa mkondo. Yaani chukua ampea, zizidishe kwa zenyewe, kisha zidisha kwa omu. Jibu ni wati, na wati hizo zote ni joto.

Tuseme kibano kile kilikuwa na ukinzani wa nusu omu tu. Nusu omu ni kitu kidogo mno mbele ya omu 26.5 za birika. Lakini 13 mara 13 ni 169, na nusu yake ni 84.5. Wati 85 hivi! Balbu ya zamani ya wati 60 haishikiki kwa mkono ikiwa imewaka, na yenyewe joto lake linatawanyika kwenye kioo kikubwa. Sisi tulikuwa na wati 85 mahali padogo kama punje ya mahindi, zimezungukwa na plastiki, nyuma yake ukuta, mbele yake pazia.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wetu ulikuwa nusu omu.

Waya wa ekstensheni nao una hesabu yake. Fundi aliukata na kunionyesha shaba yake: nyuzi chache nyembamba, unene wa jumla milimita za mraba 0.5. Waya kama huo wa mita 5, ukihesabu kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 0.34. Kwa ampea 13 unazalisha wati 58 za joto. Ukinyooshwa sakafuni joto hilo linapotea hewani na waya unakuwa vuguvugu tu. Ukiviringishwa na kufichwa chini ya zulia, joto halina pa kwenda. Waya wa milimita za mraba 2.5, ule ambao mafundi hutumia kwenye soketi za ukutani, kwa urefu huohuo ungezalisha wati 12 hivi. Basi tofauti ya bei kati ya waya mwembamba na mnene ndiyo tofauti ya joto hilo.

Kutoka Rufiji hadi jikoni

Mraba huo wa mkondo unatawala pia nyaya kubwa zinazopita juu ya mashamba yetu. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Umeme wake unasafirishwa kwenda Chalinze kwa njia ya kilovolti 400, yaani volti 400,000.

Kwa nini volti nyingi hivyo, wakati jikoni tunataka 230? Kwa sababu wati ni volti mara ampea. Ukipandisha volti mara kumi, unaweza kupeleka nguvu ileile kwa mkondo uliopungua mara kumi. Na kwa kuwa joto la njiani linafuata mraba wa mkondo, upotevu unapungua mara mia. Ndiyo maana umeme unapandishwa unapoondoka bwawani na kushushwa hatua kwa hatua unapokaribia nyumbani: kilovolti 33 au 11 kwenye nguzo za mitaa, hadi transfoma ya mwisho inayotuletea 230. Mhandisi wa Rufiji na mimi na birika langu tunatumia hesabu moja.

Umeme unapokuwa mdogo

Fundi alirudi jioni kuweka soketi mpya. Kabla ya kufunga kava alipima volti, mita ikasoma 184. Tulikuwa kwenye zile saa ambazo kila nyumba inapika na taa zinafifia, tunazoziita saa za umeme mdogo.

Wengi tunadhani volti zikipungua kwa asilimia 20, birika nalo linapungua kwa asilimia 20. Sivyo. Ukinzani wa koili ni uleule, omu 26.5. Gawanya 184 kwa 26.5 upate ampea 6.9, na 184 mara 6.9 ni wati 1,270 hivi. Volti zimepungua kwa moja ya tano, nguvu imepungua kwa zaidi ya theluthi, maana msukumo ukishuka mkondo nao unashuka pamoja nao. Lita moja na nusu ya maji iliyochemka kwa dakika 4 asubuhi itahitaji dakika 6 jioni. Yuniti zitakazoliwa ni karibu zilezile, kwa kuwa maji yanahitaji joto lilelile.

Friji haliko hivyo. Ndani yake mna mota, na mota yenye mzigo ikikosa volti hujaribu kufidia kwa kuvuta ampea nyingi zaidi. Ampea zikizidi, nyaya zake zinapata joto na kuungua. Hiyo ndiyo sababu ya kuchomoa friji umeme unapokuwa mdogo sana, huku birika likiwa salama.

Hata balbu ya zamani ina siri yake. Kwa hesabu, balbu ya wati 60 kwenye volti 230 ina ukinzani wa omu 882. Ipime ikiwa baridi, mita itasoma chini ya 100. Mita haijakosea. Uzi ule mwembamba ukiwaka mweupe, ukinzani wake unapanda mara nyingi. Koili ya birika imetengenezwa kwa aloi isiyobadilika sana kwa joto, ndiyo maana hesabu yetu ya mchana ilikubali.

Na mwili wa binadamu nao una omu zake. Ngozi kavu ina maelfu mengi, lakini ikiloa ukinzani unaweza kushuka hadi kiasi cha 1,000. Gawanya 230 kwa 1,000, unapata ampea 0.23. Ampea 0.1 tu ikipita kifuani inatosha kuvuruga mapigo ya moyo. Breka ya ampea 20 haitajua kwamba kuna mtu anakufa. Inayojua ni ile swichi ya usalama iliyoandikwa 30mA, inayokata umeme mara unapovuja kidogo tu. Kama nyumba yako haina, muulize fundi wako kabla ya kununua televisheni kubwa zaidi. Na mikono yenye maji isikaribie swichi, iwe ya birika au ya bafuni.

Mapigo 33

Jumamosi iliyofuata mpwa wangu aliamka na jambo lake. Mita yetu ya Luku ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake pameandikwa 1000 imp/kWh. Alikuwa ameuliza shuleni, akaelezwa kwamba taa hiyo hupepesa mara 1,000 kwa kila yuniti moja, yaani wati 1,000 zikitumika saa nzima. Mita nyingine zina namba tofauti, kwa hiyo anayetaka kufanya hesabu hii aanze kwa kusoma ya kwake.

Alituomba tuzime kila kitu: friji, taa, televisheni, chaja za simu. Taa nyekundu ikatulia. Akaandika daftarini kabla ya kuwasha chochote: birika ni wati 2,000, litakula yuniti mbili kwa saa, yaani mapigo 2,000 kwa dakika 60, yaani mapigo 33 kwa dakika. Kisha akaniambia nilichomeke birika lenye maji kwenye soketi mpya, akashika simu yenye saa, akasimama mbele ya mita akihesabu kwa sauti.

Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu. "Dakika imeisha, shangazi!"

Nimesimamia mitihani, nimehudhuria mahafali, na sijapata kumwona mtoto akifurahia jibu sahihi kiasi kile. Hakuna aliyempa alama. Ukuta wenyewe ulikuwa umemjibu.

Siku hiyohiyo tulinunua ekstensheni nyingine, yenye waya mnene, iliyoandikwa 13A. Ile ya zamani tuliikata vipande ili asije mtu akaiokota na kuitumia. Juu ya soketi mpwa wangu alibandika karatasi aliyoiandika kwa kalamu nene: "Mwisho hapa ni wati 2,990. Birika 2,000. Pasi 1,000. Usiwashe pamoja."

Wiki iliyopita shemeji yangu alilala kwetu akielekea msibani. Alfajiri nilisikia hatua zake sebuleni, halafu kimya. Nilipotoka chumbani nilimkuta amesimama na shati mkononi, anaisoma ile karatasi. Akajumlisha kwa midomo bila kutoa sauti. Kisha akainama, akachomoa birika, ndipo akachomeka pasi.